Yule kereng'ende mwekundu wa bustanini

Mwanangu Neema,

Picha ya yule kereng'ende uliyeniuliza ni wa aina gani nimeiona. Umempiga kutoka juu, kwa hiyo miguu, ambayo ndiyo ingetupa jibu, imejificha. Hapa Nairobi kereng'ende wekundu ni wa aina kadhaa, rangi isikuharakishe.

Mtazame miguu kwanza, halafu tumbo. Miguu ikiwa myekundu na tumbo ni pana, limebapa kama ganda la njegere, bila weusi ubavuni, huyo ni Crocothemis erythraea. Miguu ikiwa myeusi, tumbo jembamba, tena ubavuni kuelekea mkiani kuna alama nyeusi zilizochongoka kama kabari, ni Trithemis arteriosa. Mishipa ya mabawa yake ni myekundu kabisa, na akitua huyashusha mabawa kwa mbele. Wa tatu, Sympetrum fonscolombii, pia ana mishipa myekundu na ndiye anayewachanganya wengi. Tazama miguu yake: myeusi yenye mistari ya njano. Macho upande wa chini ni ya buluu-kijivu, na kile kidoa karibu na ncha ya bawa ni cha njano chenye ukingo mweusi.

Hayo ni ya madume waliokomaa. Majike, na madume ambao hawajakomaa, huwa wa njano au kahawia, na hapo umbo la tumbo litakufaa kuliko rangi. Dume ana kinundu chini ya tumbo, karibu na kifua, jike hana.

Sasa picha. Ngoja jua likolee, saa nne hivi. Akiruka usimfukuze, mara nyingi hurudi kijiti kilekile. Inama upige ubavuni, usawa wake, kivuli chako kisimwangukie. Kisha piga ya juu, mabawa yote yaonekane. Simu huukoleza mno wekundu: gusa skrini pale alipo, ushushe mwanga, la sivyo mishipa na zile kabari zitamezwa.

Wale wa njano-machungwa wanaozunguka juu ya nyasi msimu wa mvua bila kutua ni Pantala flavescens. Hao huvuka Bahari ya Hindi kwa upepo, sijui wengine tunahangaikia nini na foleni ya Thika Road. Kuwapiga picha wakiwa hewani ni kupoteza chaji. Watafute jioni wakining'inia kwenye matawi.

Nitumie ile ya ubavuni.

Mama yako