Barua ya wazi kwa mjomba: Maine haina matokeo mamoja, ina matatu

Mjomba, shikamoo.

Ule ujumbe uliousambaza kwenye kundi la familia, wenye ramani ya jimbo la Maine, Marekani, iliyopakwa bluu (rangi ya Democrat) chini na nyekundu (ya Republican) juu, na maneno "jimbo moja, washindi wawili, huu kama si wizi ni nini?", nimeusoma hadi mwisho. Najibu hadharani kwa sababu umeshapita mikononi mwa watu wengi, na wewe si wa kwanza kuuamini. Umewahi kukaa kituoni kama wakala na Fomu 34A, zile za matokeo ya kituo, unazijua kuliko wengi wetu, basi tuache siasa kando, tuongee hesabu.

Maine ina kura 4 za wajumbe kati ya 538 zinazomchagua rais wa Marekani. Mbili anapewa aliyeongoza jimbo zima. Zilizobaki zinagawiwa moja moja: anayeongoza eneo bunge la kwanza anachukua yake, anayeongoza la pili anachukua yake. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1969 na kutumika mara ya kwanza 1972. Nebraska ndilo jimbo lingine pekee lenye utaratibu kama huo. Kwingine kote mshindi anazoa zote hata akishinda kwa kura moja.

Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa mshindi wa jimbo alikuwa akishinda maeneo bunge yote mawili. Mwaka 2016 ndipo mambo yalipobadilika. Hillary Clinton wa Democrat alishinda Maine kwa pointi 3 hivi, lakini Donald Trump wa Republican akachukua eneo bunge la pili kwa pointi 10. Mara ya mwisho Maine kugawanya kura zake ilikuwa 1828! Mwaka 2020 Joe Biden wa Democrat alipata asilimia 53 jimbo zima, na eneo la pili likabaki kwa Trump kwa pointi 7 hivi. Mwaka 2024 Kamala Harris wa Democrat alipata asilimia 52 dhidi ya 45, na Trump akaongoza eneo la pili kwa takriban pointi 9. Chaguzi tatu mfululizo, mgao ule ule: 3 kwa 1.

Kwa hiyo unapoambiwa "matokeo ya Maine", uliza kwanza: yapi? Ya jimbo, ya eneo la kwanza, au ya eneo la pili? Ile ramani yako haionyeshi hata moja kati ya hayo. Inaonyesha kaunti, na kaunti hazina kura ya mjumbe. Zaidi ya hapo, inapaka rangi ardhi. Kaunti ya Aroostook kule kaskazini, mpakani na Canada, ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000 na watu 67,105 kwa sensa ya 2020. Cumberland, yenye mji wa Portland, ni kipande kidogo tu pwani, lakini ina watu 303,069. Jicho linaona wekundu umetanda, ilhali watu wamejaa kwenye kona ya bluu.

Sasa tuje kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo watu wetu wanapopotea. Marekani haina tume moja kama IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, inayotangaza rais. Na huko Maine hata kaunti haisimamii uchaguzi. Kazi yote iko kwa karani wa mji, na miji hiyo, pamoja na vijiji vidogo vyenye serikali yake, inakaribia 500. Vituo hufungwa saa mbili usiku, ambayo kwa Nairobi ni saa kumi alfajiri ya siku ya pili. Kura zote ni za karatasi. Miji mikubwa ina mashine inayosoma karatasi na kutoa ukanda mrefu wa matokeo, mfano wa risiti ya dukani, mara kituo kinapofungwa. Miji midogo huhesabu kwa mkono: karatasi zinamwagwa mezani, zinapangwa katika mafungu, zinahesabiwa na watu wa vyama tofauti waliokaa pamoja.

Ndiyo maana Portland inaweza kuwa imeshamaliza wakati kijiji chenye wapiga kura mia mbili bado kinahesabu. Kuchelewa huko hakumaanishi kwamba kuna mtu anapika namba. Na zile takwimu unazoziona kwenye televisheni usiku ni za waandishi wa habari wanaozikusanya kutoka kwa makarani, mji baada ya mji. "Mshindi" wanayemtangaza ni makadirio yao. Matokeo rasmi hujumlishwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo pale Augusta, mji mkuu wa Maine, nayo ina siku 20 kuyakabidhi kwa gavana. Wajumbe wenyewe hukutana Desemba. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 17.

Kura za kupigwa kabla ya siku yenyewe zina sheria moja ya kukumbuka: lazima zimfikie karani kabla ya saa mbili usiku wa siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauokoi kitu. Ukiipeleka posta Jumatatu na ikafika Jumatano, imekwenda na maji.

Ukitaka kukagua mwenyewe, na najua utataka, pakua jedwali rasmi kutoka tovuti ya Katibu wa Jimbo. Kila mstari ni mji mmoja, na safu ya kwanza ni kaunti kwa herufi tatu: ARO ni Aroostook, CUM ni Cumberland. Kuna mambo manne yatakayokukwaza.

La kwanza ni safu ya "Blank", yaani waliopiga kura lakini nafasi ya rais wakaiacha wazi. Safu ya "TBC" ni jumla ya karatasi zote zilizopigwa, zikiwemo hizo tupu. Ukigawa kura za mgombea kwa TBC utapata asilimia ndogo kuliko ya magazeti, kisha utapiga kelele kwamba kuna kura zimepotea. Toa zilizo tupu kwanza.

La pili ni mistari ya "Twps" iliyounganishwa na jina la mji. Karibu nusu ya ardhi ya Maine ni msitu usio na serikali ya mji, wenye wakazi 9,000 hivi tu. Sehemu hizo zina majina kama T3 R11 WELS, ambayo ni namba za wapima ardhi tu, usiyadhanie kuwa ni nywila ya kompyuta. Wakazi wake hupiga kura katika mji jirani. Ukikuta mji una kura nyingi kuliko ulivyotarajia kwa idadi ya watu wake, angalia kama umebeba majirani wa msituni.

Tatu, mstari wa "STATE UOCAVA". Hizo ni kura za wanajeshi na raia walio ng'ambo, zinazoshughulikiwa Augusta moja kwa moja. Hazimo kwenye mji wowote, na ukizisahau jumla yako itapungua.

La nne ndilo linalowaumbua hata wachambuzi: Kennebec. Hii ndiyo kaunti pekee iliyokatwa katikati na mpaka wa maeneo bunge. Huwezi kupata jumla ya eneo la pili kwa kujumlisha kaunti. Ni lazima uigawe Kennebec mji kwa mji, na uwe na orodha ya sasa, kwa sababu mipaka ilichorwa upya 2021 na Augusta yenyewe ikahamishwa kutoka eneo la kwanza kwenda la pili. Ukitumia orodha ya 2020 kwa kura za 2024, umeharibu kazi nzima.

Kuna jingine ambalo ujumbe wako haukuligusa, nalo ndilo tamu zaidi: wapiga kura wa Maine hupanga wagombea kwa nafasi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mwisho wanaondolewa na kura zao zinahamia kwa chaguo linalofuata. Wananchi waliupitisha utaratibu huo kwa kura ya maoni 2016, wakiwa wamechoshwa na mambo kama ya 2010, gavana alipoingia na asilimia 38 hivi. Kwa rais ulianza kutumika 2020.

Tazama ilivyofanya kazi eneo la pili mwaka 2018, katika kiti cha Baraza la Wawakilishi. Raundi ya kwanza: Bruce Poliquin wa Republican 134,184, Jared Golden wa Democrat 132,013, na wagombea huru wawili 23,427 kwa jumla. Hakuna aliyefika nusu. Karatasi na kadi za kumbukumbu za mashine zikasafirishwa kutoka kila mji hadi Augusta, na zile za miji inayohesabu kwa mkono zikapitishwa kwenye skana. Wagombea huru walipoondolewa, 10,427 zikaenda kwa Golden na 4,747 kwa Poliquin. Matokeo ya mwisho: 142,440 dhidi ya 138,931. Ukijumlisha utaona kura 8,253 hazikwenda popote. Wenyewe huziita kura zilizoishiwa. Nyingi ni za watu waliochagua mmoja tu na kuacha nafasi nyingine. Ukiruka nafasi moja, kura yako inasogea kwenye inayofuata. Ukiruka mbili mfululizo, imeishiwa hapo. Ukijaza wagombea wawili kwenye nafasi ile ile, vilevile.

Poliquin alikwenda mahakamani, akashindwa. Kwa rais, 2020 na 2024 hesabu hiyo haikuhitajika, kwa kuwa washindi wa jimbo na wa kila eneo bunge walivuka nusu moja kwa moja.

Mbona basi kaskazini kuligeuka? Usiniambie ni ushamba. Aroostook ilimpa Obama ushindi 2012 kabla ya kwenda kwa Trump 2016. Katika eneo la pili viwanda vya karatasi ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo: cha Millinocket kilisimama 2008, Bucksport 2014, Jay 2023. Sisemi hilo linaeleza kila kura, lakini anayeeleza ramani hiyo bila kutaja viwanda hajafika mbali. Na hawa si watu wa kufuata chama kama mkia. Mwaka 2020 Maine ilimchagua Biden na papo hapo ikamrudisha Seneti Susan Collins wa Republican. Mwaka 2024 eneo la pili lilimpa Trump ushindi na papo hapo likamrudisha Golden wa Democrat.

Neno moja kwa jamaa zetu, maana Portland na Lewiston zina wazungumzaji wa Kiswahili wengi, hasa kutoka Kongo na Burundi. Maine huandikisha wapiga kura hadi siku yenyewe ya uchaguzi, na ofisi ya leseni za udereva nayo huandikisha. Anayepiga kura ya rais ni raia tu. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akiwekewa fomu hiyo mezani akasaini bila kusoma, anaweza kufunguliwa kesi na hata kufukuzwa nchini, na kusema "sikuelewa Kiingereza" hakumsaidii sana. Ujumbe huo, mjomba, ndio ungeusambaza kwenye kundi.

Ukishapakua jedwali, anza na Piscataquis. Ni kaunti yenye watu wachache kuliko zote, utaimaliza kabla chai haijapoa. Kennebec iache mwisho, na ukikwama nipigie.