Fimbo ya Babu Ipimwe Upya

Leeds, Jumapili, 7 Desemba 2025

Mama mpenzi, shikamoo. Shikamoo Bibi. Shikamoo Shangazi, najua utaikuta barua hii kabla haijamaliza kusomwa. Salum, marahaba, hata kama hujaniamkia.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi ipo, lakini kinachonishangaza ni jua: leo Magharibi imeingia saa kumi kasoro robo, muda ambao hapo Mtoni watoto ndio kwanza wanakimbilia madrasa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa sauti Salum anausikiliza huku anakula, halafu anasahau. Anayeileta ni mwenzetu anayekuja likizo. Ukurasa wa mwisho ubandikwe ukutani, karibu na kitanda cha Bibi.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama ni kweli sisi tunaosomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, tunavuliana nguo darasani, nikacheka nikageuza maneno. Sasa nijibu. Ni kweli tunajifunzia kwenye miili yetu wenyewe, maana goti huwezi kulijua juu ya suruali ya jinzi. Wenzangu wanavaa kaptura na vifulana. Wiki ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, nikajifanya naandika. Mwalimu hakunisema mbele ya watu. Aliniita baada ya kipindi akaniuliza ningependa iweje. Tukakubaliana nifanye na wasichana wenzangu, nyuma ya pazia, ushungi wangu kichwani, na kifunuliwe kinachopimwa tu. Kama ni bega, basi ni bega. Nilidhani nimependelewa, kumbe wagonjwa wote ndivyo wanavyofanyiwa: unajitambulisha, unaomba ruhusa, unaeleza utagusa wapi na kwa nini, pengine pote unafunika shuka. Akisema basi, ni basi, hata ukiwa katikati ya kupima.

Hilo lina historia yake. Chama cha fani hii hapa Uingereza kilianzishwa 1894 na wauguzi wanne, wote wanawake, wakati London ilikuwa na kashfa ya nyumba za kuchua ambazo kumbe zilikuwa madanguro. Wakataka kuchua iwe kazi ya heshima, yenye mafunzo na masharti. Shangazi, hilo ulimeze kwanza kabla hujatangaza Mtoni nzima kwamba nimevuka bahari kusomea masaji. Na lile swali lako la kwa nini sikwenda hospitali ya KCMC, Moshi, ambako fiziotherapia inafundishwa miaka mingi, jibu lake ni lilelile: ufadhili ulitokea huku.

Tangu Septemba nimejifunza kugusa, basi. Mwalimu anaweka unywele mmoja chini ya karatasi, tunautafuta kwa ncha za vidole huku tumefumba macho. Ukiupata anaongeza karatasi ya pili, ya tatu. Mimi ulinipotea kwenye ya nne. Nilikukumbuka wewe Mama unavyobonyeza parachichi pale Tandika: kidole gumba kinatua tu, tunda halichubuki, na muuzaji hana la kusema. Wenzangu wengine wanabonyeza kama wanapiga kengele ya mlangoni, halafu wanalalamika kwamba mfupa hawauoni.

Tuna pia gonyometa, ambayo ni kile kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu kilichoota mikono miwili mirefu. Unaweka katikati yake kwenye kiungo, mkono mmoja unafuata mfupa wa juu, mwingine wa chini, unasoma digrii. Rahisi kusema. Mimi na mwenzangu tulipima goti moja la msichana mmoja kwa dakika moja: yeye akapata 128, mimi 141. Mwenye goti akauliza lipi kati ya hayo ndilo lake.

Mapigo ya moyo nayo tunahesabu, kwa mtu mzima aliyetulia 60 hadi 100 kwa dakika. Mara ya kwanza yangu yalikuwa 112 kwa aibu ya kushikwa mkono. Kuna ujanja hapo nimeupenda: ukimaliza kuhesabu mapigo usiachie mkono wa mgonjwa, endelea kuushika kama vile bado unahesabu, kumbe unaangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, anaanza kupumua vingine.

Misuli inapewa alama, 0 hadi 5. Moja ni mnyweo mdogo unaousikia chini ya kidole na hakuna kinachosogea. Tatu ni kuunyanyua mguu wenyewe bila msaada. Tano ni kuunyanyua huku mtu anakuzuia na usimkubali. Bibi, ule mguu wako wa kushoto unaourusha juu kitandani ili kutuonyesha kwamba hujashindwa, si wa kupata chini ya tatu. Usivimbe kichwa.

Sasa nifike kwenye lililoniweka chini niandike.

Jumatano iliyopita alikuja darasani mzee mmoja aliyepata kiharusi miaka ya nyuma. Huja kwa hiari yake ili wanaoanza wajifunzie kwake. Upande wake dhaifu ni wa kushoto, kama Bibi. Mwalimu akauliza nani ataanza kumsimamisha. Nikajitokeza haraka, maana nani mwingine mle ndani amemwinua mtu wa kiharusi kila asubuhi kwa miezi minane? Nikapitisha mkono wangu kwapani, upande wa kushoto, tayari kumvuta juu kama tunavyofanya nyumbani. Mwalimu akanipigia kelele niache. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Yule mzee akatabasamu, akasema bega lile limevutwa na watu wengi, na wote walikuwa wanampenda.

Bega, Mama, halikai kwenye kikombe kirefu kama nyonga. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kisahani kidogo tu, na kinachokishikilia hasa ni misuli. Kiharusi kikiilegeza, uzito wa mkono wenyewe unatosha kukishusha. Anayeuvuta mkono huo anamalizia. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akilalamika bega linawaka moto usiku, tukasema ni baridi yabisi, tukamwita yule mama wa kuchua na mafuta yake ya mnyonyo? Huenda tulikuwa tunamuumiza asubuhi na kumchua jioni. Bibi, nisamehe. Siku ile sikula.

Nimeambiwa wazi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatibu mtu, na ndugu yake kwa simu ndiyo kabisa. Mbele yangu kuna saa kama 1,000 za kufanya kazi na wagonjwa chini ya usimamizi kabla sijaitwa chochote. Kwa hiyo bega la Bibi likaangaliwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Najua mazoezi ya hospitali yalikatika kwa ajili ya nauli ya bajaji. Nauli hiyo imo kwenye hela niliyotuma, Salum asiseme haikufika.

Salum, hapa ndipo pa kubandika. Nimemwonyesha mwalimu, amekubali. Kiti kiwe upande wa kulia wa Bibi, ule wenye nguvu, karibu na kitanda kabisa. Asogee hadi ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Wewe simama kushoto kwake, mbele kidogo, kunja magoti yako badala ya kupinda mgongo. Usimshike mkono wala kwapa. Mfunge kanga iliyokunjwa, kavu, ikaze kiunoni, ndiyo mshikio wako. (Huku wana mkanda maalumu. Mwalimu alitaka kwanza kuiona kanga yenyewe, kisha akataka kujua maandishi yanasemaje.) Mwambie ainame mbele mpaka pua ivipite vidole vya miguu, hapo makalio yenyewe yanakuwa mepesi. Hesabu hadi tatu kwa sauti, na kwenye tatu asukume yeye. Ukiona umembeba, mrudishe akae, muanze upya. Akishakaa kitini, mkono wa kushoto uwekewe mto, usining'inie.

Imebaki fimbo ya Babu. Bibi anaishika kwa mkono wa kulia, na ndivyo inavyotakiwa, ikae mkono ulio kinyume na mguu dhaifu. Tatizo ni urefu. Babu alikuwa akiinama kuingia jikoni, Bibi anamfika kifuani. Ndiyo maana akitembea nayo bega la kulia linapanda hadi sikioni, na sisi tulidhani ni maringo. Avae viatu vyake vya kila siku, asimame akiwa ameshikwa, mkono wa kulia uning'inie: kishikio kinatakiwa kifike kwenye mstari wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Nakisia itapungua inchi nne. Yule seremala wa kona ataimaliza mara moja, ila mpira wa chini urudishwe, na kama umelika mnunue mwingine, bila huo itateleza sakafuni.

Lakini msumeno usiiguse kabla Bibi hajaulizwa. Aulizwe akiwa ametulia, baada ya chai ya alasiri, na asiwe Shangazi wa kuuliza. Aelezwe inakatwa wapi na kwa nini. Akikataa, ya Babu irudi pale pale ilipokuwa ikiegemea ukutani, yeye atafutiwe nyingine. Akikubali, kile kipande kitakachokatwa apewe mwenyewe.

Nisalimieni wote wanaoniulizia.

Mwanenu,
Zuhura