Barua ya wazi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu: likizo hii, kitabu kabla ya desa

Wajukuu zangu,

Hamjambo? Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, marahaba.

Nawaandikia ninyi wa kidato cha tatu na si wengine, na ninayo sababu. Wadogo zenu wa kidato cha kwanza, wengi wao bado wanapambana na kufundishwa Hisabati na Baiolojia kwa Kiingereza baada ya kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili. Wa kidato cha pili wana upimaji wa taifa mwezi Novemba. Kaka na dada zenu wa kidato cha nne shule nyingi huwaweka kambi, kwa hiyo likizo ya Juni wanaisikia kwa wenzao. Mnaobaki ni ninyi. Mnarudi nyumbani wiki chache, hamna mtihani wa taifa mwaka huu, na mwakani mambo yatakuwa mengine kabisa.

Wenzenu wengi wa Marekani wakifunga shule mwezi Mei au Juni hukabidhiwa orodha ya vitabu vya kusoma wakati wa kiangazi, na wakirudi mwalimu wa Kiingereza anawangoja na insha au jaribio. Kwao ni msimu wa jua na likizo ya miezi miwili na ushei. Kwetu huku Njombe Juni ni baridi ya kukunja vidole, mahindi yanangoja kuvunwa, na orodha wengi wenu hampewi. Basi nawapa mimi. Ni fupi: tamthilia mbili. Zisomeni zenyewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kabla hamjafungua desa lolote.

Desa nalijua. Mnalinunua steshenari, au mnarushiwa kwenye simu na mtu aliyerushiwa na mwingine. Ndani mna muhtasari wa kurasa mbili, halafu dhamira kwa namba: mapenzi na ndoa, nafasi ya mwanamke, migogoro, mila na usasa, umaskini. Kisha wahusika, mmoja mjinga, mwingine mjanja, mwingine mtiifu. Mtu anakariri usiku kucha, asubuhi anaingia chumba cha mtihani na kumwaga. Nimesahihisha insha za namna hiyo miaka mingi. Unasoma ya kwanza, ya pili, ya kumi, sentensi ni zilezile, na jina la mhusika lililokosewa kwenye desa linakosewa na darasa zima. Mwalimu haulizi nani kamtazamia nani. Anajua wote wamekula sufuria moja.

Tena desa halijui swali litakujaje. Swali la vitabu katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie kazi mbili za utanzu mmoja, tamthilia mbili au riwaya mbili, kujenga hoja. Ndiyo maana nasema mbili. Na nasema tamthilia kwa sababu ni fupi, ni maneno ya watu wanaozungumza, na hazikuchoshi kwa maelezo marefu ya mandhari.

Chukueni The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, Mnigeria aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1986. Tamthilia hii ilichapwa mwaka 1963 na imesomwa na vidato vingi kabla yenu. Fungueni mwanzo kabisa. Ni asubuhi. Kandokando ya soko kuna shule, watoto wanaimba jedwali la kuzidisha. Sidi anapita, ndoo ndogo ya maji kichwani. Mwalimu Lakunle anamwona, anaacha darasa, anatoka na kumnyang'anya ile ndoo, maana kwake ni jambo la aibu mwanamke kujitwisha mizigo. Maji yanamwagikia yeye mwenyewe. Sidi anafurahi. Sasa tazameni mwalimu alivyovaa: suti ya Kizungu ya mtindo wa kale, imechakaa ila haijachanika, imefuliwa ila haikupigwa pasi, na inambana. Tai yake ina fundo dogo sana. Miguuni, raba nyeupe. (Raba nyeupe na mimi nilivaa, tusiulizane.) Hayo yote Soyinka ameyaweka kwenye maelezo ya jukwaani, yale maandishi ya mlazo ambayo wengi wenu mnayaruka mkidhani si kitabu.

Desa litakuambia Lakunle ni mpumbavu. Kweli anachekesha, maneno yake makubwa kuliko mfuko wake. Lakini juu ya ile ndoo, je, hana neno? Shingo inayobeba ni ya nani? Ukishajiuliza hivyo umeanza kusoma.

Twende kwenye mahari. Lakunle anampenda Sidi, anataka kumwoa, ila mahari hatoi. Anaiita desturi ya kishenzi, iliyopitwa na wakati, sawa na kununua ndama sokoni. Na Sidi anasemaje? Sidi anaitaka. Yuko tayari kuolewa leo, wiki ijayo, siku yoyote atakayotajiwa, mradi mahari ilipwe kwanza, kwa sababu asipolipiwa kijiji kitasema hakuwa bikira na amejiuza bure kufunika aibu yake.

Liwekeni hilo akilini, kisha mshike Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyônô Mbia wa Kamerun. Mwenyewe aliiandika kwa Kifaransa, na mwenyewe akaitia katika Kiingereza. Juliette, msichana wa sekondari, anarudi kijijini kwao Mvoutessi na kukuta mipango ya ndoa yake imekwisha pamba moto. Ndi, kijana mkulima, ametoa faranga 100,000. Anatokea Mbia, mtumishi wa serikali mwenye kujikweza, anatoa 200,000, na ukoo unaona huyu ndiye mkwe. Juliette naye ana mchumba wake, Oko, mwanafunzi asiye na hela. Afanyalo Juliette kuhusu zile 300,000 siwaambii. Mganga naye ataitwa, Sanga-Titi, mtajionea wenyewe kama anaijua kazi yake. Na yumo babu, Abessolo, anayeona ni kioja msichana kuulizwa anataka kuolewa na nani. Ni mzee mwenzangu, lakini hapo simfuati.

Desa litawaambia vitabu vyote viwili vina dhamira ya mahari, na litaishia hapo. Sasa ninyi mliosoma, semeni: nani anaidai na nani anaikataa? Katika kitabu kimoja msichana asiyesoma anaidai kwa kinywa chake, na mwanamume msomi ndiye anayekataa kutoa. Katika cha pili msichana msomi ndiye anayeikataa, na wanaume wa ukoo wake ndio wanaoikumbatia. Kwa Sidi mahari ni heshima yake mbele ya kijiji. Kwa Juliette ni bei ambayo wengine wamekubaliana bila yeye. Jambo ni moja, ila maana zimepishana kama mashariki na magharibi. Aya moja ya namna hiyo, hata kwa Kiingereza cha kawaida chenye kosa hapa na pale, mimi naipa alama kuliko kurasa tatu za desa. Na kuna la ziada ambalo halimo katika kitabu chochote: muulizeni shangazi au mama mkubwa, mahari yake ilikuwa ya namna ipi, ya Sidi au ya Juliette. Kaeni vizuri msikilize. Jibu linaweza kuchukua jioni nzima.

Namna ya kusoma sitaisema sana. Someni kwa sauti. Tamthilia iliandikwa isikike, na Kiingereza kinachopita kinywani hukaa kuliko kinachopita machoni tu. Mkiwa wawili au watatu mtaa mmoja, gawaneni wahusika. Mdogo wenu wa darasa la sita anaweza kuwa mtoto anayeimba jedwali, atafurahi kupita kiasi. Neno gumu likitokea, lipigeni mstari kwa penseli (kitabu cha shule, narudia, penseli) mwendelee. Kamusi fungueni mwisho wa onesho. Anayesimama kila neno hafiki ukurasa wa kumi, na wengi mnaokata tamaa mnakatia hapo. Muwe na daftari moja, na kila mkimaliza sehemu mwandike sentensi tatu kwa Kiingereza chenu wenyewe: nani kakuudhi, nani kakuchekesha, nini hukuelewa. Msiandike dhamira. Dhamira zitakuja zenyewe, hazina haraka.

Hapa nina jambo ambalo walimu wenzangu baadhi hawatalipenda. Kitabu kisomeni kwa Kiingereza, lakini kizungumzeni kwa Kiswahili. Hata kwa Kibena, Kinyakyusa, Kihaya, lugha yoyote mnayocheka nayo. Shuleni mmezoea kuadhibiwa kwa kuongea Kiswahili, na nimeona shule ambako mtoto anavishwa kibao shingoni kwa kosa hilo. Nyumbani hakuna kibao. Mtu akibishana kwa Kiswahili kwamba Sidi alikuwa na haki, hoja ameshaipata, kazi iliyobaki ni kuivika Kiingereza. Asiye na hoja hata apewe Kiingereza cha London hana cha kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa mkuu wa nchi changa, na bado mwaka 1963 akachapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Mtu hawezi kufasiri kitabu kwa muhtasari. Ni lazima apite kila mstari na kujiuliza huyu kasema nini hasa, na sisi tungelisemaje.

Kitabu mtakipata wapi? Hili ndilo gumu, silifichi. Kuna shule ambazo vitabu vimefungwa kabatini visichakae, na vinachakaa humohumo kwa panya na unyevu. Basi msingoje siku ya kufunga shule, siku ambayo kila mtu anatafuta basi. Wiki moja kabla, nendeni kwa mwalimu wa Kiingereza watatu kwa pamoja, na daftari la majina, mwombe nakala moja kwa watu watatu mnaokaa jirani. Mwalimu akiona majina na tarehe ya kurudisha moyo wake hulegea. Na kwa kuwa mtaala unabadilika, mwulizeni hapohapo orodha ya darasa lenu ni ipi. Kama hivi viwili havimo, chagueni viwili vilivyomo, ushauri wangu haubadiliki. Walio karibu na maktaba ya mkoa waingie bila woga. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa ajili yenu, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, si ya maprofesa peke yao. Simu nayo inafaa, ila ukisomea kwenye simu funga bando kwanza. Ukiliacha wazi, baada ya kurasa mbili utajikuta unatazama mpira.

Wazazi mnaoisomea watoto barua hii, au mnaoichungulia begani kwao, nina neno kwenu pia, fupi. Juni kuna mavuno na kila mkono unahitajika, najua. Lakini tazameni nyumbani kwenu jioni. Kijana wa kiume akitoka shamba anaoga na kutoka zake. Msichana akitoka shamba hilohilo anaanza kuteka maji, kuosha vyombo, kusonga ugali. Kisha matokeo yakitoka mnamwuliza kwa nini kaka yake kampita. Mpeni muda wa saa moja mchana, kungali na mwanga, asiitwe. Vyombo kaka yake anaweza kuviosha. Sijasikia bado aliyekufa kwa hilo.

Kwa mmoja wenu, na katika kila darasa huwa yupo, tamthilia mbili zitaisha wiki ya kwanza na ataanza kunung'unika hana cha kusoma. Huyo namwelekeza kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kupata Nobel mwaka 2021. Riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 inamhusu Yusuf, kijana wa miaka 12 anayechukuliwa kwao na mfanyabiashara aliyezoea kumwita mjomba, asijue kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kiingereza chake ni kizito kwa kidato cha tatu. Dawa ipo: tangu mwaka 2022 kuna Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Someni sura moja ya Kiswahili, kisha ileile ya Kiingereza. Siri za misafara, pwani, bustani, mtazitambua kabla hamjayatambua maneno.

Shule zikifunguliwa Julai, msimwambie mwalimu mmesoma. Ngojeni aulize swali darasani.

Nakala yangu ya Three Suitors ipo, jalada la mbele limetoka lakini kurasa zimetimia. Anayekaa Njombe mjini na hana kitabu aje kuichukua baada ya saa kumi jioni, aje na mwenzake, na aandike jina kwenye daftari. Ukurasa wa mwisho nimeubana kwa pini. Msiufungue kabla hamjaufikia.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Njombe