Tulipita Njia Panda ya Kwako

Kwako Mlangoni,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Sisi hatujambo. Watoto wameshafungua shule, na begi la mwisho la safari bado liko sebuleni, nusu wazi, kila anayepita analiruka tu.

Nina jambo la kukuambia, na nisipolisema hapa mwanzoni sitalisema tena. Jumamosi ya mwisho ya likizo tulipita njia panda ya kwako. Kibao nilikiona tangu mbali: kilomita 38. Baba watoto akapunguza mwendo, akanitazama, asiseme neno. Mimi nikasema, "Twende tu, giza litatukuta." Ilikuwa saa tisa alasiri. Giza lilikuwa mbali.

Acha nikusimulie safari yenyewe, ili ujue tulifikaje pale.

Wazo lilikuwa la baba watoto. Alitaka watoto waione nchi kupitia dirisha la gari, siku 6, twende tukizunguka mpaka turudi nyumbani kwa njia nyingine. Mimi ndiye niliyesema kwamba badala ya kulala kwa watu tusiowajua, tulale kwa watu wangu. Nikamwandikia Dirishani, nikamwandikia na wa Kitanda cha Juu; bado nawaita wote kwa vitanda vyetu vya chuoni, kama ninavyokuita wewe. Wewe sikukuandikia. Namba yako ninayo, naijua kwa kichwa.

Dirishani alijibu kabla sijaweka simu mezani: "Njooni. Msiulize tena."

Nilikuwa na hofu, kusema kweli. Miaka 11 hatujaonana ana kwa ana. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuanzia, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Hata sikuyatumia. Alitoka getini pekupeku, akanikumbatia kabla sijafunga mlango wa gari, na harufu yake ilikuwa ileile. Watoto wake na wangu walisimama wakitazamana kama vifaranga wa kuku wawili. Baada ya nusu saa viatu vilikuwa vimechanganyika barazani, sijui kipi cha nani, na kitinda mimba wangu alikuwa anamwita mama mkubwa bila kufundishwa na mtu.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa kwa kifungua mimba. Ana miaka 13 sasa. Nyumbani maneno yake ni ya kuhesabu: ndiyo, hapana, sijui. Usiku ule Dirishani akaanza kusimulia habari zetu za chuoni, kile chumba cha vitanda vinne, jinsi nilivyokuwa nikiimba usiku nikifua, na majirani wa chumba cha pili wanagonga ukuta, si kwa kunikataza bali kunitaka nirudie. Mtoto aliweka simu chini. Akanitazama muda mrefu, kama anayeonyeshwa mtu mgeni. "Mama, wewe ulikuwa unaimba?" Nikagundua kwamba mwanangu anamjua mama aliyeanza kuishi siku aliyozaliwa yeye. Yule wa kabla yake hana wa kumwonyesha isipokuwa ninyi watatu. Mimi nikimweleza mwenyewe anasikia mawaidha. Mkimweleza ninyi anasikia hadithi. Tangu siku ile ameniomba niimbe mara mbili.

Watu walipolala, mimi na Dirishani tulikaa mpaka saa nane usiku. Hatukuzungumza mambo makubwa. Miguu inayouma, wazazi wanaozeeka, kazi. Halafu akauliza, "Mlangoni hajambo?" Nikasema nadhani hajambo. Akarudia lile neno, "nadhani," taratibu, akanyamaza. Kisha akainuka, akarudi na bahasha.

Ndani yake mlikuwa na picha. Ni mama yako, Mlangoni, siku ile aliyokuja kututembelea chumbani. Amekaa kitandani kwako, mlango uko wazi nyuma yake, mwanga unamwangukia mabegani. Ana sindano mkononi. Unakumbuka alivyokusanya nguo zetu zote zilizochanika, za wote wanne, hakuchagua ya mwanawe? Blauzi iliyo mapajani mwake ni yangu, ile ya rangi ya maji. Ananishonea kifungo.

"Mpelekee," Dirishani akasema. "Njia yenu ya kurudi inapita kwake."

Nikamwambia siwezi kutokea tu hivihivi baada ya kimya chote kile, nitakuwa nakusumbua. Unajua kazi yake siku hizi ni kuwashauri watu, na anasoma sana. Akaniambia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Peggy Liu na wenzake. Walikuta kwamba mtu anayemtafuta mwenzake baada ya kupoteana hukisia furaha ya yule mwenzake chini ya ilivyo, na kadiri kutafutwa kunavyomjia asipotarajia, ndivyo anavyofurahi zaidi. Nilimsikiliza. Nikaitia bahasha kwenye kisanduku cha dashibodi, juu ya hati za gari, isije ikakunjika.

Kwa wa Kitanda cha Juu mambo hayakwenda hivyo. Tulifika jioni, watano na mabegi yetu, tukakuta mama mkwe wake yu mgonjwa, amelazwa kwenye chumba ambacho watoto wangelala. Hakuwa ametuambia. Mimi nilikuwa nimemuuliza swali moja tu, "Tunaweza kuja?", nami namjua tangu zamani kwamba hapana haimtoki kinywani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa, "Hali ya hapo nyumbani ikoje?" Tulikuwa tumepanga siku mbili. Nilipoona anavyonawa mikono pale kwenye sinki, taratibu, macho yamefumba, nilimfuata baba watoto nje nikamwambia tunaondoka asubuhi. Usiku tuliosha vyombo vyote, tukalaza watoto sakafuni kwenye shuka tulizobeba wenyewe. Alfajiri akanisindikiza mpaka garini na kanga begani, akaniambia, "Umekuja nikiwa sifai." Nikamwambia nimekuja kwake, si kwa nyumba. Tulizungumza dakika 10 hivi, tumeegemea boneti. Zile dakika 10 sitazitoa kwa siku mbili za raha.

Basi ndiyo tukawa njiani, siku moja kabla ya ratiba, gari limenyamaza. Baba watoto ana sheria zake za barabarani: upepo wa tairi unapimwa asubuhi zikiwa bado baridi, mikanda kwa wote, na kila baada ya saa 2 gari linasimama, hata kama hakuna aliyechoka. Wa kati akachukua kitabu chake cha magari akaanza kutusomea kwa sauti. Ni habari ya mwanamke Mjerumani, Bertha Benz, mke wa Carl Benz aliyetengeneza gari. Mwezi wa Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, alitoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen na Richard, akaendesha lile gari la magurudumu matatu zaidi ya kilomita 100 mpaka Pforzheim. Kabla ya hapo gari halikuwa limewahi kupelekwa safari ndefu namna ile. Mafuta yalipopungua aliyanunua kwenye duka la dawa, maana vituo vya mafuta havikuwapo. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Kwenye milima watoto walishuka wakasukuma.

Ilikuwa tamu ile habari, nami nikaacha asome kuliko nilivyopaswa. Barabara ilikuwa na kona nyingi. Macho yaliyo kitabuni yanauambia ubongo kwamba mtu ametulia, sikio la ndani linauambia anakwenda, na katika ubishi huo tumbo ndilo linaloumia. Najua yote hayo. Alitapika, maskini, kwenye kitabu na kwenye magoti yake. Tukasimama kando, nikamwosha, nikambadilisha nguo, tukamhamishia kiti cha katikati atazame barabara mbele, mbali. Rangi ilipomrudi usoni akauliza, kwa sauti ya mgonjwa, "Mama, kwani Bertha alikuwa anakwenda wapi?"

"Kwa mama yake," nikamjibu.

Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Alitaka watu waone kuwa gari la mumewe linafaa, lakini alikokwenda ni kwa mama yake. Na neno lile likiwa bado mdomoni mwangu, nikakiona kibao. Kilomita 38.

Mlangoni, sikuja kumzika mama yako. Habari nilipewa Alhamisi, mazishi yalikuwa Ijumaa. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi na mtoto mwenye homa, na yote hayo yalikuwa kweli, lakini simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga Alhamisi. Ijumaa nikaona haya kwamba sikupiga Alhamisi. Wiki iliyofuata nikasema nitapata maneno mazuri kwanza. Ilivyoendelea, kila siku niliyochelewa iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi, mpaka imekuwa miaka miwili na nusu, nami nimefika mahali pa kupita kilomita 38 kutoka mlangoni kwako na picha yake ikiwa mbele ya magoti yangu, na kusema giza litatukuta.

Baba watoto hakunilaumu. Tulipokwisha kupita, kama dakika 20 hivi, alisema tu, "Tunaweza kugeuza." Sikujibu. Ningependa kukuambia nilikuwa nawafikiria watoto, au nakufikiria wewe usishtukiziwe na wageni watano. Hapana. Niliogopa utafungua mlango uniangalie.

Nisamehe kwa kutokuja. Nisamehe zaidi kwa kimya, maana kutokuja ni siku moja, na kimya nilikirudia kila siku. Mama yako alinishonea kifungo, nami sikumpeleka hata udongo wa mkono mmoja. Hili silisemi ili unibembeleze. Unaweza kunikasirikia, nami nitakaa nisikie mpaka umalize.

Ninachoomba ni hiki. Mwezi wa kumi na mbili nina likizo ya siku 9. Nataka kuja. Naweza kuja peke yangu, au na hawa wote, uamuzi ni wako. Wa kati ameniuliza mara tatu yule mama mkubwa wa kitanda cha mlangoni anaishi wapi, na kifungua mimba anataka kujua kama na wewe ulinisikia nikiimba. Tutalala usiku mmoja. Shuka tutabeba. Lakini kwanza niambie hali ya hapo nyumbani ikoje, uniambie ukweli, nimeshajifunza kuuliza. Kama kuna mgonjwa, kama umechoka, kama nyumba imejaa, kama tu moyo haujataka, niandikie neno moja nami nitaelewa, na nitatafuta njia salama ya kukufikishia picha.

Wa Kitanda cha Juu anakusalimu. Dirishani naye anakusalimu, na anasema alikupigia mwezi uliopita ukampokea vizuri, kwa hiyo anashangaa mimi naogopa nini.

Begi nitalifungua kesho na kulipanga. Bahasha sijaitoa garini. Nilitaka kuiingiza ndani siku ileile tuliyofika, isipate joto, nikaona nikiiingiza nitaiweka kabatini, na nikiiweka kabatini itakaa. Kwa hiyo bado iko kwenye dashibodi, juu ya hati za gari, nimeifunga kwa leso, na kila asubuhi nikienda kazini naenda nayo.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
wa Kitanda cha Chini