Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka uliopita. Hesabu atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, karibuni sana. Mimi nitajikita kwenye maonyesho yetu ya picha na filamu za sanaa, kwa kuwa ndiyo yaliyozua mjadala mkali kuliko jambo jingine lolote.

Mnafahamu kwamba tulipunguza idadi ya kazi ukutani na kwenye skrini. Baadhi yenu mlilalamika, tena bila kumung'unya maneno, kwamba wapigapicha waliokuwa wakingoja zamu yao wameachwa nje. Lalamiko hilo lina uzito, na nitalirudia. Kwanza niwaeleze kilichotusukuma.

Picha mnato, yaani isiyosogea, humwachia mtazamaji aamue mwenyewe ataitazama kwa muda gani. Picha jongefu, yaani filamu au video, humdai muda wake. Filamu The Clock ya msanii Christian Marclay, iliyompatia tuzo ya Simba wa Dhahabu mwaka 2011 kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa huko Italia, huchukua saa 24 na hupangwa ilingane na saa ya pale inapoonyeshwa. Ingia wakati wowote, hujachelewa. Kazi yenyewe itakuambia ni saa ngapi. Kazi nyingi hazina neema hiyo. Mtu akiingia katikati, akasimama gizani bila kujua zimebaki dakika ngapi, atatoka tu. Ndiyo maana mwaka huu kila mlango wa chumba cha giza ulibandikwa urefu wa filamu na saa za kuanza, na ndani tukaweka mabenchi yenye egemeo. Wapo walioyacheka mabenchi hayo. Kwa maoni yangu hatukununua kitu kingine chochote kilichoisaidia sanaa kiasi hicho, projekta mpya ikiwemo.

Sauti ilitusumbua zaidi. Filamu Ten Thousand Waves ya msanii Isaac Julien (2010) hutumia skrini tisa, na Vertigo Sea ya mwenzake John Akomfrah (2015) hutumia tatu, lakini kila moja imetungwa kama kazi moja, sauti zake zikijuana. Kuziweka jirani kazi tatu za wasanii watatu ni kuwagombanisha. Hedfoni husaidia, ila humtenga kila mtazamaji na mwenzake, na si kila msanii anaziridhia. Kamati imeweka kanuni: sauti ikivuja, kazi moja ihamishwe. Hakuna fundi atakayeishusha hadi kunong'ona bila idhini ya aliyeitunga.

Kuhusu picha zilizochapishwa, adui ni mwanga. Makumbusho mengi hushikilia kiwango cha laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa picha zinazodhurika upesi, ilhali jua la dirishani huweza kufika maelfu. Madhara yake hujilimbikiza: rangi ikishapauka haikumbuki kwamba ulizima taa jana, wala hairudi. Wageni kadhaa walinung'unika kwamba ukumbi una kiza. Macho huzoea baada ya dakika chache, na nawaomba wanachama wanaopokea wageni mlangoni wawaambie hivyo mapema, kwa upole.

Mikataba pia tumeirekebisha. Tangu msanii Nam June Paik alipotumia televisheni kwenye maonyesho yake ya mwaka 1963, wasanii wengi wamejenga kazi juu ya vifaa vya kila siku, na vifaa hivyo hufa. Televisheni za kioo kinene hazipatikani tena dukani. Hivyo kila mkataba wetu sasa unamtaka msanii aseme wazi: kifaa kikiharibika, je, tunaweza kuweka cha aina nyingine, au kazi hiyo izimwe? Mkataba unataja pia malipo ya kuonyesha. Habari ya kumlipa mtu kwa "kujulikana" tumeiacha, na sitarajii kamati ijayo iirejeshe.

Sasa narudi kwa walioachwa nje. Mwaka 2013 banda la nchi ya Angola lilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice kwa picha za mpigapicha Edson Chagas. Zilichapwa kama mabango, zikarundikwa sakafuni kwa mafungu, na kila mgeni aliruhusiwa kuondoka nazo. Hapakuwa na fremu wala kioo, na hakuna aliyehofia kupauka, kwa sababu kuondoka kwa picha ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Si kila picha inafaa kwa njia hiyo. Picha inayotegemea vivuli vyepesi itapotea kwenye karatasi rahisi, na mtu aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya ukumbini huenda hakukubali kubandikwa sebuleni kwa wageni. Lazima aulizwe upya.

Pamoja na hayo, kamati inapendekeza chumba kimoja cha maonyesho yajayo kitengwe kwa picha za kuchukuliwa, na kipaumbele kiende kwa wanachama ambao hawajawahi kuonyesha nasi. Vyumba vingine vibaki na kazi chache, kama mwaka huu. Mapendekezo haya mawili nimeyatenganisha kwa makusudi ili myapigie kura moja moja. Mjadala utafunguliwa mara tu baada ya mweka hazina kumaliza, na kila msemaji atapewa dakika tatu.

Mwenyekiti