Risala ya Klabu ya Habari kwa Mgeni Rasmi: Nani Anahesabiwa Mbele ya Televisheni

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Habari, tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Tanga. Tunajua kazi yako ni kupanga vipindi vya televisheni, na kwa watu wa kazi hiyo Jumamosi si siku ya mapumziko, maana jioni kuna mpira na usiku kuna muziki. Umeyaacha yote ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili la kukodi. Tunakushukuru sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala za klabu zina desturi yake. Huanza na historia ya klabu, ikafuata idadi ya wanachama, yakaja mafanikio, kisha changamoto ambazo zote dawa yake ni fedha. Mwaka huu mwalimu wetu mlezi ametutaka tuzungumze jambo moja tulilolifanyia kazi. Tumechagua lililo mezani kwako kila siku: namna watazamaji wanavyohesabiwa, na namna hesabu hiyo inavyoamua kipindi cha burudani kikae saa ngapi. Maombi hatukuyasahau. Yako mwishoni na ni machache.

Tulianza wakati wa likizo ya mwezi wa 6. Kila mwanachama alipewa daftari, akaagizwa aandike kila robo saa kama televisheni ya nyumbani au ya jirani imewashwa, iko chaneli gani, na nani yuko mbele yake. Utaratibu huo hatukuubuni sisi. Kampuni ya Nielsen ya Marekani iligawa madaftari ya namna hiyo majumbani kwa miongo mingi ili kupima watazamaji wa vituo vya mikoani, na huko nako siku ilikatwa vipande vya robo saa.

Madaftari yetu yalirudi na mambo ambayo hatukuyategemea. Moja lilitoka nyumba ya Pongwe. Saa moja na robo usiku, televisheni imewashwa, inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Bibi anachambua mchele, mgongo ameipa televisheni. Mama yuko jikoni anasonga ugali, anasikiliza kutoka huko na kuuliza kwa sauti, "Kamwambia?" Mtoto wa miaka mitatu ameshika rimoti na hakuna anayethubutu kumnyang'anya, maana atalia mpaka wapangaji wa pili wasikie. Mwenye daftari aliandika pembeni kwa penseli: "Hapa niandike watazamaji wangapi?"

Wataalamu wamehangaika na swali hilo tangu televisheni ianze kupimwa. Kifaa cha mwanzo cha Nielsen, kilichoitwa Audimeter, kilitambua kwamba seti imewashwa na iko chaneli gani, lakini sebule ikiwa tupu hakikujua. Ndipo mwaka 1987 kampuni hiyo ikaanza kutumia rasmi kote Marekani kifaa chenye vitufe, kila mwanafamilia na kitufe chake. Ukikaa kutazama unabonyeza, ukiondoka unabonyeza tena. Uingereza wana chombo chao kiitwacho BARB, kilichoundwa mwaka 1981 baada ya BBC na wenzao wa ITV ya huko huko kuchoka kubishana, kila upande ukiwa na hesabu yake. Huko nyumba elfu chache zilizochaguliwa kwa uangalifu ndizo zinazosemea taifa zima. Sampuli ndogo si kosa, mwalimu wa hisabati ametuthibitishia, mradi ifanane na watu inaowawakilisha. Wasiwasi wetu ni kwa mama wa Pongwe, ambaye asingetoka jikoni na mikono ya unga kwenda kubonyeza kitufe, ilhali yeye ndiye aliyekuwa anaifuata hadithi kuliko wote.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumejifunza pia kuzisoma namba zenyewe. Tuseme mtaa una nyumba 100 zenye televisheni. Saa mbili usiku zimewashwa 40, na 10 kati ya hizo zinatazama kipindi chako. Ukigawa kwa nyumba zote umepata asilimia 10. Ukigawa kwa zilizowashwa tu umepata asilimia 25. Namba zote mbili ni za kweli, na anayeuza matangazo ataonyesha ile inayopendeza. Usiku wa manane, nyumba 4 zikiwa macho na 2 ziko kwako, unaweza kutangaza kwamba umeshika nusu ya watazamaji, na hujasema uongo.

Halafu watazamaji wenyewe hawana bei moja. Kwa muda mrefu vituo vikubwa vya Marekani viliuza matangazo yao kwa kuangalia zaidi watu wa miaka 18 hadi 49, kwa hoja kwamba hao ndio wanaonunua na bado wanaweza kushawishika. Kwa hesabu ya namna hiyo bibi wa Pongwe, hata angegeuka akatazama kipindi chote bila kupepesa, angeongeza kidogo sana kwenye bei ya tangazo.

Tukaja kwenye ratiba. Hapa ndipo klabu ilipogawanyika, na mabishano yalifika mpaka kwenye foleni ya chakula. Wapo waliosema kipindi kizuri hufuatwa popote kilipo. Wengine wakasema watu hawafuati kipindi, wanaifuata televisheni. Upande huu wa pili una wakili mzito: Paul Klein, aliyesimamia upimaji wa watazamaji katika kituo cha NBC cha Marekani, alifundisha kwamba mtu huamua kwanza kutazama televisheni, kisha huzunguka mpaka akute kipindi kinachomuudhi kidogo kuliko vingine, akatulia hapo. Ndiyo maana wapangaji hukiweka kipindi kichanga nyuma ya kipindi kinachopendwa, au hukibana katikati ya viwili vyenye nguvu. Zamani hila hiyo ilisaidiwa na uvivu wa kunyanyuka kwenda kuzungusha kitasa cha chaneli. Rimoti imeipunguza nguvu, haijaiua, labda pale Pongwe tu ambako chaneli huchaguliwa na mtoto wa miaka mitatu.

Kisa tulichokijadili kwa kirefu ni cha NBC mwaka 2009. Tangu mwaka 2004 kituo hicho kilikuwa kimemwahidi mchekeshaji Conan O'Brien kwamba atarithi kipindi cha usiku kiitwacho The Tonight Show, kilichokuwa mikononi mwa Jay Leno. Wakati ulipowadia, Leno alikuwa bado anapendwa, na wakubwa wa NBC waliogopa atahamia kwa wapinzani. Wakapata ufumbuzi ulioonekana wa akili nyingi: Conan apewe kipindi chake cha saa tano na dakika 35 usiku, na Leno apewe kipindi kipya cha saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa nne ilikuwa saa ya tamthilia nzito, za polisi, mahakama na hospitali, na tamthilia hizo ni ghali mno kutengeneza. Mtu mmoja aliyesimama mbele ya pazia akitania wanasiasa ni nafuu zaidi. Hata akitazamwa na wachache, hesabu inatoka.

Waliosahauliwa ni watu wa saa tano. Marekani kituo kikuu hutuma vipindi kwa vituo vya miji mbalimbali, na vituo hivyo hujipatia sehemu kubwa ya fedha yao kwenye taarifa ya habari ya saa tano usiku, ambayo hurithi watazamaji waliobaki kutoka saa nne. Kituo kimoja cha Boston, WHDH, kiliiona hatari mapema. Mwezi wa 4 mwaka 2009 kikasema hakitamrusha Leno, saa nne kitasoma taarifa yake yenyewe ya habari. NBC ikatishia kukinyima vipindi vyake vyote, kikarudi nyuma.

Kipindi kikaanza Septemba. Kwa mizani ya NBC yenyewe kilikuwa kinavumilika. Kwa vituo vya mikoani ilikuwa hasara, maana wasiomtaka Leno walishahama chaneli saa nne, na saa tano hawakurudi kusikiliza habari. Malalamiko yakawa mengi mpaka Januari 2010 NBC ikasalimu amri. Ikapendekeza Leno arudi saa tano na dakika 35 kwa nusu saa, na Conan asogee mpaka saa sita na dakika 5. Conan akakataa kwa barua ya wazi. Hoja yake ilikuwa kwamba kipindi hicho kimefuata habari za usiku kwa miaka mingi, na kukisukuma mpaka siku ya pili ili kumpisha mwenzake ni kukiharibu. Akaondoka tarehe 22 Januari, kwa makubaliano yaliyoripotiwa kugharimu dola milioni 45 hivi, sehemu yake ikienda kwa wafanyakazi wake. Tarehe 1 Machi Leno alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha zamani.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi tunaona hesabu yao ya saa nne haikuwa mbaya. Ubaya wake ni kwamba iliishia saa nne. Namba ya kipindi kimoja ilisomwa vizuri sana, na madhara yake kwa kipindi jirani hayakuwa na safu kwenye karatasi.

Kwetu mnyororo huo uko wazi vilevile. Hapa Tanzania vituo vingi husoma taarifa ya habari saa mbili usiku, kwa hiyo tamthilia hukaa mlangoni mwa habari au nyuma yake. Kenya wamezoea habari za Kiswahili saa moja na za Kiingereza saa tatu, na ile nafasi ya katikati ndiyo iliyolea vichekesho na michezo mingi ya nyumbani. Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima hugeuka kwa ajili ya futari. Na ligi ya Uingereza ikianza, Jumamosi jioni hakuna mchekeshaji atakayefua dafu.

Mpira unatufikisha kwenye banda umiza. Mwanachama mmoja aliliandikia daftari banda lililo karibu na kwao: televisheni moja, mabenchi, kiingilio mlangoni, watu wamebanana mpaka dirishani, na mechi ikiisha wengi wanabaki kungoja filamu iliyotafsiriwa. Anayepima watazamaji kwa kuhesabu nyumba hamuoni hata mmoja wao. Anayepima kwa ujumbe wa simu, kama kampuni ya utafiti ya GeoPoll ilivyofanya katika nchi zetu, atawafikia baadhi yao, na hilo ni jema. Lakini sisi wa bweni hatutafikiwa, maana simu haziruhusiwi shuleni, na hilo hatumlaumu mtu, hasa Mkuu wa Shule akiwa amekaa mstari wa mbele.

Tuna mfano wake. Kulikuwa na kituo kimoja kilichorusha mdahalo wa wanafunzi wa sekondari Jumapili saa kumi jioni. Ndio muda tunaofunguliwa bwalo na televisheni yake, kwa hiyo bweni zima lilikuwa linatazama, wengine wamesimama juu ya meza. Baadaye kipindi hicho kikahamishiwa Jumatano saa tisa alasiri, wakati sisi tuko kwenye masomo ya ziada na wenzetu wa kutwa wako njiani. Haukupita muda kikafutwa, na tuliposikia sababu tuliambiwa watazamaji walikuwa wachache. Walikuwa wachache kweli, saa tisa ya Jumatano. Wale wa Jumapili hakuna aliyewahi kuwahesabu. Kituo hicho hatutakitaja. Kama ni chako, chai ipo baada ya risala hii, tutazungumza.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa hayo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, unapopanga vipindi vya vijana, uangalie kalenda ya shule. Jumapili saa kumi jioni na Jumamosi baada ya saa moja usiku bwalo liko wazi. Katikati ya wiki mchana tunaomba utuwekee marudio tu. Kenya kanuni za utangazaji zinakihesabu kipindi cha saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao watoto wanaweza kuwa mbele ya televisheni, kwa hiyo saa za kutulinda zimeshafikiriwa. Sisi tunaongeza ombi la saa za kututumbuiza.

Pili, kipindi kikihamishwa, tunaomba tangazo lipite hewani kabla ya kuhama, na kipewe muda wa kuonwa mahali pake papya kabla ya kuhukumiwa.

Tatu, tupo tayari kujaza madaftari kila likizo na kukuletea bila malipo. Hayatakuwa na uzito wa sampuli ya kampuni, tunajua. Lakini yatakuwa na bibi, mama aliye jikoni, watu wa kwenye mabenchi na sisi wa bweni.

Nne, wanachama wanaomba siku moja waone chumba ambamo ratiba hupangwa, hata kama ni meza na kompyuta tu. Usafiri tutachangishana.

Na tano, king'amuzi cha bwalo kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu mwezi uliopita. Wazazi wameshanunua kingine. Kilichobaki ni kifurushi cha kila mwezi, na hapo tunakuachia mwenyewe upime.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Habari