Maktaba ihesabu wanaoondoka mikono mitupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja inayozuka kila maktaba zinapotajwa: kwamba wasomaji wamehamia kwenye simu, na dawa yake ni kununua kompyuta. Kompyuta zina kazi yake, ila pa kuanzia si hapo. Maktaba nyingi hazijui jamii inayozizunguka imebadilika vipi kwa sababu zinahesabu vitabu vilivyoazimwa peke yake. Aliyekuja, akauliza, akakosa na kwenda zake haonekani popote katika ripoti ya mwezi. Huyo ndiye wa kuhesabiwa kwanza.

Kinachohitajika ni daftari moja kwenye meza ya huduma. Lichorwe safu tano: tarehe, saa, swali kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, lugha aliyoulizia, na matokeo. Matokeo ni herufi moja tu: P amepata, A kimeazimwa, H hatuna, N huduma hiyo hatutoi. Jina lisiandikwe kamwe. Mtu aliyekuja kuulizia habari za talaka au Ukimwi akiona jina lake linaingia daftarini hatarudi, na atawaambia wenzake. Wiki nne zinatosha, mradi zisiangukie zote msimu wa mitihani, maana hapo wanafunzi watawafunika wasomaji wengine wote.

Daftari hili huharibika kwa njia mbili. Kwanza, mhudumu hufupisha. Mama anauliza, "Fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto inajazwaje?" naye anaandika "serikali". Mwezi ukiisha, neno hilo halimwambii mtu anunue kitabu gani wala aandae somo gani. Pili, hujazwa jioni kwa kukumbukia, na kinachokumbukwa ni swali la ajabu, wakati lile lililoulizwa mara 30 limesahaulika. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye daftari, swali liandikwe papo hapo.

Wapo pia wasiouliza. Kwa hao weka kibao juu ya kila meza: "Tafadhali usirudishe kitabu rafuni, kiache hapa." Kabla ya kuvirudisha, mhudumu anapiga tiki kwenye karatasi iliyogawanywa kwa namba za rafu. Kamusi, atlasi na vitabu vya ufugaji vinaweza kusomwa kutwa nzima bila kuazimwa hata mara moja, na bila tiki hizo vitaonekana vimelala tu. Ongeza hesabu ya vichwa kila saa inapogonga, kwa siku 14. Hapo utajua kama saa za kufungua zinamfuata msomaji au mfanyakazi. Maktaba inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, imewafungia nje walio kazini na watoto walio darasani, na kwa hilo tusiisingizie intaneti. Kuhamisha saa mbili za asubuhi zikawa za jioni, siku mbili kwa wiki, hakuhitaji bajeti mpya. Kunahitaji ratiba ya zamu waliyokaa wafanyakazi wenyewe wakaikubali.

Tuje kwenye rafu. Wengi tunapanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaoipa kila mada namba yake, na mpangilio huo bado una sura ya jamii ulikozaliwa. Katika kundi la 200, yaani dini, namba za 220 hadi 280 na kitu ni za Biblia na Ukristo, huku Uislamu wote umebanwa ndani ya 297. Riwaya ya Kiswahili, ukiufuata mfumo neno kwa neno, inapata 896.3923 na kutupwa karibu na mwisho wa kundi la 800, yaani fasihi. Hebu itoe riwaya nyembamba uutazame mgongo wake: upana hauzidi kidole, tarakimu saba hazienei, lebo imekunjwa ikaingia kwenye jalada, na anayepita anaona "896" basi. Nani atajua kwamba hapo pana hadithi ya lugha yake?

Ziondoe riwaya, hadithi fupi na mashairi ya Kiswahili uzipe rafu zake karibu na mlango. Lebo iwe neno RIWAYA, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Katalogi, yaani orodha ya vitabu anayotafutia msomaji, irekebishwe siku ileile. Ikisahauliwa, itampeleka msomaji kwenye rafu tupu, na siku ya ukaguzi kitabu kitaandikwa kimepotea. Ni heri kuhamisha vitabu 50 kwa siku na kuvimaliza kuliko kung'oa rafu nzima ukaiacha sakafuni.

Yote hayo hayawezekani rafu zikiwa zimejaa pomoni. Rafu ikishapita robo tatu, hakuna tena nafasi ya kusimamisha kitabu jalada likimtazama msomaji. Lazima kupalilia, yaani kuondoa vitabu visivyofaa tena. Mwongozo wa CREW, unaotumika sana Marekani, unapima umri wa kitabu, miaka tangu kiazimwe mara ya mwisho, na hali yake. Vitabu vya kompyuta unavipa miaka 3 kabla ya kufikiriwa kuondolewa, vya tiba 5. Kipimo cha kuazimwa kisitumike kwa historia ya mahali, kwa vitabu vya lugha zenye maandishi machache, wala kwa nakala ya mwisho. Hivyo havina mbadala.

Kinachotukwamisha ni hofu. Kitabu kimo kwenye orodha ya mali, na mkutubi anaogopa hoja ya mkaguzi kuliko anavyoogopa kumwachia mgonjwa maelezo ya dawa yaliyopitwa na wakati. Hili linaniuma sana, kwa sababu kinga yake ni rahisi: orodha yenye namba ya usajili na sababu, sahihi za watu watatu, mhuri wa KIMEONDOLEWA, kisha kufuta kwenye katalogi.

Kuhusu uanachama, barua ya mdhamini inamzuia mpangaji na mgeni aliyehamia juzi. Apewe kadi ya muda, kitabu kimoja kwa wiki mbili. Akirudisha mara tatu salama, apewe kadi kamili. Faini nazo zitazamwe upya. Maktaba ya umma ya Chicago ilizifuta za kuchelewesha mwaka 2019, kwa kuwa anayedaiwa huogopa kurudi, na kitabu hubaki naye.

Ndipo sasa tufike kwenye kompyuta, ikiwa daftari limezidai. Pasipo intaneti ya uhakika, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja yenye programu ya Kiwix inaweza kurusha Wikipedia kwenye simu za wasomaji bila wao kutumia bando. Ile ya Kiingereza na picha zake inazidi GB 90. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi, inaenea kwenye kadi ya kumbukumbu ya kawaida. Umeme ukikatika ghafla kadi huweza kuharibika, kwa hiyo weka nakala ya pili kabatini. Na kwenye mashine za kujazia fomu, mhudumu asiandike nywila ya msomaji hata akiombwa. Kabla msomaji hajainuka, wafungue pamoja folda ya vilivyopakuliwa na kufuta picha ya kitambulisho chake.

Wako,
Mkutubi